Strima ya Kumsikilizia Amma

Coimbatore, 2 Februari 2024

Thambi Kathir,

Kanda ishirini na tisa za baba yetu, Appa, zilipotea huko kwako Jumapili tarehe 14 Januari, siku ya Bhogi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Nimetanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu limenikaa kooni siku kumi na tisa. Sasa salamu: hujambo, mdogo wangu? Watoto je? Mgongo wa mkeo Selvi umepoa? Sisi huku wazima, ila goti langu linalia kuliko mota za pampu ninazoletewa karakana.

Najua Bhogi, mkesha wa Pongal, ni siku ya kutoa vya zamani nje. Hata mimi nilitoa mikeka miwili na kalenda za miaka sita. Lakini nani anamtoa mama yake pamoja na mikeka? Appa alirekodi miaka kumi na minne, zumari za nagaswaram za maandamano ya hekaluni na Amma akiimba jikoni. Picha za Amma hazifiki kumi. Kilichobaki ni sauti.

Haya. Kwenye simu ulisema ulizinakili zote kwenye diski kabla. Kile chumba juu ya karakana nimekimaliza, spika zipo, amplifaya ipo. Kimebaki kisanduku cha kuchukua muziki kwenye diski au mtandao na kuupeleka kwenye amplifaya. Wenyewe wanakiita strima. Naambiwa zipo za bei ya pikipiki na zipo za bei ya gari. Wewe Appa alikurithisha masikio, mimi nikajitafutia mikono. Nisaidie kuchagua, na unitumie hiyo diski.

Dada yako, Akka Vadivu


Chennai, 11 Februari 2024

Akka,

Shikamoo. Sisi wazima, mgongo wa Selvi hauna neno, watoto wanaulizia zile murukku zako, zile ngumu za kuvunja meno. Goti lako lipake mafuta ya ufuta, uache kupanda ngazi kama kijana.

Nimecheka peke yangu. Akka ananunua strima! Ungeweza ungeiuliza ina nguvu za farasi ngapi. Nisikilize: usinunue kioo wala rangi. Umeme wake uwe umetulia, na isinyamaze kati ya faili moja na nyingine. Nagaswaram ya maandamano inakwenda dakika arobaini bila kukata pumzi; mimi nimeigawa faili tatu. Strima duni inaweka shimo kila penye kiungo, unadhani mpulizaji kaanguka. Mwezi uliopita nimepata moja ya rangi ya fedha. Ukiisikia utaifungia karakana.

Kuhusu Bhogi, nimekosa. Gunia lilikaa getini pamoja na mikeka, gari la taka likapita. Sina cha kuongeza. Lakini hujapoteza kitu: diski inakuja, na sauti ni ile ile.

Thambi wako, Kathir


Coimbatore, 3 Machi 2024

Thambi,

Habari za huko? Huku joto limeanza mapema. Diski imefika salama, asante.

Nimefanya kama ninavyofanya nikinunua mota, ucheke usicheke. Nilikwenda dukani hapa na Ponnamma, yule msimamizi wangu wa kusuka waya. Tukamwambia muuzaji aweke strima tatu nyuma ya pazia, ya chini, ya kati na ya juu, acheze faili zako bila kututajia ni ipi. Ponnamma anasikia mota yenye beringi mbovu akiwa ng'ambo ya barabara. Akakaa, akafumba macho, akasema, "Akka, hizi zote ni moja. Huyu kijana anatuchezea shere."

Kijana akaapa kwa mungu wa ukoo wao. Halafu akasema, "Mama, kosa si la mashine. Umemletea mpishi wali uliolala, unataka aufanye biriani."

Nikamtaka aseme kwa hesabu. Saa moja ya muziki usiobanwa huchukua zaidi ya megabaiti mia sita. Kanda za Appa zilikuwa za spika moja, kwa hiyo gawa kwa mbili: mia tatu na kitu. Faili yako ya saa moja ina hamsini na nane. Nambie, Thambi, zile mia mbili na hamsini zilikwenda wapi?

Sijanunua. Siwezi kuchagua kisu kwa kukata maji. Kama kuna nakala iliyoshiba, nipe hiyo.

Akka


Chennai, 15 Machi 2024

Akka,

Shikamoo. Hatujambo, ila mtoto wa pili ana mafua.

Umenikamata. Nilizibana. Diski niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ndogo, nikasema sauti ni sauti, nani atapima? Nikasahau dada yangu ni nani. Na pale penye kelele nilisafisha kidogo, ili wimbo usikike vizuri. Nakala nyingine hakuna.

Nisamehe. Miaka kumi na moja tangu Amma atutoke nimeishi na makabati ya kanda na mashine za Appa, kila mgeni anauliza mbona siyatoi. Wewe ulikuwa unajenga karakana, na nakusifu. Mimi nilikuwa nafuta vumbi.

Kanda zimekwenda, Akka. Kubali. Nunua ile ya kati, ujiunge na muziki wa mtandaoni, utasikiliza nagaswaram mpaka uchoke. Ila nunua huko huko Coimbatore. Yule mzee wa duka la strima hapa Chennai, Devanathan, usiende kwake. Maneno mengi, bei juu.

Thambi wako


Chennai, Jumapili 21 Julai 2024

Kathir,

Salamu kwa Selvi na watoto. Mimi mzima. Niko Chennai tangu juzi, nimepanga chumba karibu na stesheni ya Egmore. Nyumbani kwa Appa, unakokaa, sikuja, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Barua hii anakuletea mtu wa hoteli mkononi.

Nilikuja kununua waya wa shaba. Nikapita kwa Devanathan. Ukinikataza duka, Thambi, nitataka kuliona. Tangu utoto ndivyo nilivyo.

Ni mtu mpole, miwani kwenye kamba. Akaniuliza, "Mama, unapenda kusikiliza nini?" Nikamwambia, sauti ya mwanamke akiwa jikoni. Akacheka: "Basi leo umefika. Ninayo ninayowajaribia wateja wagumu."

Akabonyeza. Sufuria ya presha ikapiga mluzi mara mbili. Kisha Amma akaimba ule wa kubembelezea, taratibu, kama anapepeta mchele. Katikati akakatisha: "Vadivu, punguza moto!" Akaendelea pale pale alipoachia.

Mahali hapo, kwenye diski yako, pana wimbo mtupu. Ulisafisha. Jina langu kinywani mwa mama yangu, wewe ulilihesabu kelele.

Sikulia dukani. Niliuliza tarehe.

"Ilinakiliwa lini?"

"Tarehe 9 Juni, Mama, juu ya meza hii, kutoka kwenye kanda yenyewe. Mwenye kanda ni mkusanyaji, aliniruhusu nibaki na nakala."

"Juni ipi?"

"Hii iliyopita."

Siku mia moja arobaini na saba baada ya gari la taka kupita getini kwako.

Nikauliza mkusanyaji alizipataje. "Bwana mmoja mwembamba alizileta wiki moja kabla ya Pongal. Mkusanyaji akazitaka, akamlipia strima ya rangi ya fedha. Jina siwezi kukutajia." Sikumlazimisha. Kwa hiyo siku ya Bhogi getini hakukuwa na gunia. Ulingoja siku ambayo kila nyumba inatupa, ili hasara yako ifanane na ya watu.

Sasa nisikilize vizuri, maana sikuandika ili kukutukana. Strima nimechagua. Kwa ile nakala yenye uhai, ya chini iliuweka mluzi usoni pa Amma. Ya kati ikaurudisha nyuma yake, jikoni, mahali pake. Ya kati na ya juu nilizijaribu mara kumi macho yamefumbwa, nikapatia mara tano. Hiyo ni kurusha sarafu. Nimechukua ya kati, inasafirishwa kesho. Kinachokosekana ni cha kuitilia.

Devanathan alimpigia mkusanyaji nikiwa nimekaa pale. Ni mtu wa haki, lakini mkavu. Anasema alizipata kihalali na mimi hanijui. Atazirudisha zote ishirini na tisa kwa sharti moja: aliyezileta aje dukani aseme mbele yake kwamba hazikuwa zake peke yake, kwamba ana dada. Alhamisi anahamia Singapore, na kanda ziko kwenye sanduku la pili la mizigo yake.

Najua hilo kwako ni zito kuliko gunia lolote. Wewe ndiye mwenye masikio mtaani Mylapore, watu wanakuja kukuuliza. Strima ya fedha baki nayo. Fidia ya mkusanyaji ni juu yangu, tumeshapatana, usiulize. Selvi hatajua kwa mdomo wangu. Ninachotaka kwako ni sentensi moja, nusu dakika, mbele ya watu wawili.

Kuhusu kufuta vumbi, hilo lilinichoma, na ni kweli. Nilipaswa kuja. Lakini ungeniambia umechoka ningeyachukua makabati kwa lori siku hiyo hiyo. Hukuniambia umechoka. Uliniambia zimekwenda.

Mtu wa hoteli nimemwambia asingoje jibu leo, fikiri. Jumatano saa sita mchana nitakuwa dukani kwa Devanathan, na mkusanyaji atakuwepo. Kabla ya saa hiyo nataka neno moja kwenye simu yangu, lisiwe samahani, lisiwe tutaona. Unakuja, au huji?

Akka wako,
Vadivu