Chembe Kichwani mwa Masanja

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Jenereta limegoma mpaka saa nne. Halafu picha za eksirei: kifua, kifua, mguu, kifua. Filamu za kichwa zimebaki tatu. Mzigo kutoka Mwanza haujafika na nimechoka kuuliza.

Mchana wameleta mchimbaji kutoka upande wa Geita, amelazwa juu ya marobota kwenye lori la pamba. Anaitwa Masanja. Jiwe lilimwangukia juzi ndani ya shimo la dhahabu. Ukimfinya anafumbua macho. Hasemi. Mkewe, Mama Limi, hataki mtu amguse kichwa. Nilidhani ni uchungu wa mke.

Nimepiga picha moja, ya mbele. Ya ubavuni nimeiacha, nibane filamu.

Jumanne, 5 Agosti
Daktari Mabula aliitundika picha dirishani akaniita. Kumbe katikati ya ubongo kuna chembe ya chokaa, ndogo kama ufuta. Kwa wengine huonekana, kwa wengine wala. Damu ikivujia upande mmoja, ubongo husukumwa, na chembe husogea nao. Filamu haiuoni ubongo wenyewe, lakini chembe hiyo inakuambia umelala wapi.

Mungu wangu! Miaka kumi na moja napiga vichwa vya watu na sikulijua hilo.

Tukapima kwa rula. Chembe ya Masanja imekwenda kulia, nusu sentimita nzima. Kesho asubuhi Daktari atatoboa fuvu upande wa kushoto. Kazi hiyo ameifanya mara mbili maishani. Mmoja alipona.

Jumatano, 6 Agosti
Nilipita wodini kabla ya chai. Masanja akanikamata vidole, akakaza kweli kweli, mikono yote miwili sawasawa. Mtu ambaye ubongo umesukumwa kiasi kile, mkono mmoja si ungelegea? Nikaikumbuka ile picha ya ubavuni niliyoibania.

Vifaa vilikuwa vinachemshwa tayari. Nikaomba picha moja zaidi.
"Mama Kulwa, unanichelewesha."
"Nusu saa tu, Daktari. Nikikosea nifukuze kazi."

Picha ya ubavuni: chembe iko nje. Nje ya mfupa kabisa, huko kisogoni! Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha giza, kisha machozi yakanitoka.

Nikarudi, nikaingiza vidole kwenye nywele zake. Chini kabisa kisogoni kulikuwa na fundo la uzi mweusi. Ndani yake, punje ya dhahabu. Wachimbaji huficha hivyo isionekane wakipekuliwa wakitoka shimoni. Nani huku hajui? Kaka yangu mwenyewe alificha hivyo. Mjinga mimi.

Mama Limi akaangua kilio. Alijua tangu mwanzo, aliogopa polisi. "Nisamehe, mayu, nisamehe mama yangu." Nilitaka kumzaba kofi. Lakini wa kuzabwa ni mimi. Nikamtia punje yake mkononi na kumfunga vidole. Daktari aligeuka akatazama ukuta.

Filamu ya mwisho, ya mbele. Chembe ya kweli ipo, hafifu, ilikuwa imemezwa na mng'ao wa dhahabu. Iko katikati. Katikati kabisa. Vifaa vimerudi kabatini.

Jumatatu, 11 Agosti
Bado hasemi. Au tulipaswa kutoboa? Naogopa. Napita wodini mara tatu kwa siku bila sababu. Mama Limi anamwogesha huku anamtajia ng'ombe wao, mmoja mmoja kwa jina.

Alhamisi, 14 Agosti
"Minzi." Maji, kwa Kisukuma! Mama Limi kapiga kigelegele wodi nzima ikaamka.

Daktari amenipa daftari. Niandike kila neno jipya na siku lilipokuja. Filamu zikifika nimpige tena, tuone kichwa kinapopona hubadilika nini ndani.

Jumanne, 26 Agosti
Maneno arobaini na moja. Kisukuma kilitangulia chote, Kiswahili kinafuata kikichechemea. Kijiko anakiita ng'ombe. Anajua amekosea, anakasirika, anakitupa. Leo kimenipata gotini. Jina langu hajui, ananiita "wewe wa picha".

Yanatoka wapi maneno haya? Yalikuwa yamelala wapi wiki zote hizi?

Jumamosi, 13 Septemba
Filamu zimefika. Nimempiga Masanja mbele na ubavuni. Sibani tena.

Nimetundika dirishani ile ya mwisho ya Agosti na ya leo. Nikafunika tarehe, nikazichanganya makusudi. Nimeshindwa kujua ipi ni ya bubu na ipi ni ya msemaji. Chembe iko pale pale. Rula inasema sawa. Mtu mzima amerudi humo ndani, neno kwa neno, na filamu haikuona kitu. Nimekaa nikizitazama mpaka chai ikapoa.

Jioni wamepita kuaga. Mama Limi alitangulia na mzigo kichwani. Masanja akasimama mlangoni kwangu, akatafuta, midomo ikihangaika. Nikangoja.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

Nimeitikia marahaba. Daftari lilikuwa wodini. Sikwenda kulichukua.