Hapo Hapo, Usiguse Tena

Tarehe 2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zitakukuta mzima, unakula na unalala. Mimi huku sijambo, ni kichwa tu cha jioni kinachonigonga upande wa kulia. Kikinichosha nalala, asubuhi hakipo. Jirani yangu mshonaji anakusalimu. Anasema ulipoondoka hukumuaga vizuri na hajasahau.

Najua utaniambia nipige simu. Simu ikikatika imekatika na maneno yake. Barua naiweka chini ya mto, naisoma tena nikitaka.

Sasa nina kesi. Ile antena uliyonifungia kabla hujasafiri, ukapiga kifua kwamba haitasumbua mpaka wajukuu wazaliwe, imeanza vituko. Mchana picha ni nzuri. Jioni nikishazima taa ya sebuleni ili nifaidi kioo cha TV, ukungu unaingia. Msomaji wa habari namsikia vizuri, lakini uso wake kama yuko nyuma ya dirisha la bafuni. Taa za huko kwao zimezungukwa na duara za rangi rangi. Anasoma habari ya msiba, mwenyewe kavishwa upinde wa mvua!

Mshonaji ananiambia nimwite fundi wa mtaani. Nimekataa. Fundi ninaye, nimemzaa mwenyewe, na antena ile haitaguswa na mkono mwingine. Tangu baba yako atutoke, saa za jioni ndizo ndefu, na kile kioo ndicho kinachonisemesha. Niambie nifanye nini.

Mama yako


Tarehe 20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hujambo. Mimi ni mzima. Kufua mashuka ya hoteli kumenitoa ngozi ya vidole, lakini tumbo linadai haki yake kama kawaida. Pole na kichwa, kunywa maji mengi. Mwambie mshonaji nilimuaga, ni yeye alikuwa na pini mdomoni akashindwa kuitikia.

Kesi nimeipokea na mshtakiwa anakana kosa! Ikisumbua jioni tu, basi ama umande unaingia pale waya unapoungana na antena, ama upepo umegeuza bomba kidogo. Usipande juu. Narudia, mama, usipande. Bomba linashuka mpaka karibu na dirisha la jikoni na linageuzwa mtu akiwa chini. Nilipaka alama nyeupe ukutani, bomba linatakiwa liielekee. Mshonaji asimame mbele ya TV, wewe ugeuze polepole kama unafungua chupa ya dawa. Akiona picha imetulia apige kelele, nawe uache hapo hapo. Fanyeni kama tulivyokuwa tunafanya mimi na wewe, mimi nje na wewe ndani, mpaka mtaa mzima unajua kwetu wanatafuta chaneli.

Likizo yangu ni Agosti. Nikija nitaikagua mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa barua. Sijambo, ila kichwa bado kinanitembelea, na juzi kilikuja na kichefuchefu. Labda ni chai iliyolala. Si kitu.

Agizo lako limetekelezwa. Alama yako nyeupe sikuiona, nadhani mvua imeifuta, ingawa mshonaji anashikilia kwamba ipo. Nikashika bomba, nikageuza taratibu. Mara mwenzangu akapiga ukelele kutoka ndani, "Hapo hapo, usiguse tena!" Watu wa barabarani walisimama. Nikakimbia ndani kuangalia. Ukungu mtupu! Namuuliza, hii ndiyo safi? Anaapa kwamba anaona mpaka hereni za msomaji wa habari. Nikatoka tena, nikageuza, akaita tena, nikaingia, ukungu ule ule. Tukaishia kugombana, akaenda kwao bila kumaliza chai.

Nisikilize vizuri. Akisimama yeye picha inatulia, nikiingia mimi inaharibika. Antena yako imempenda mshonaji kuliko mimi niliyekuzaa.

Mama yako


Tarehe 3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu wa kufua, mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Pole tena na kichwa, na chai iliyolala imwage.

Hilo la mshonaji usilione la ajabu. Mwili wa mtu unaweza kuziba mawimbi. Niliwahi kufunga antena kwenye nyumba moja, kila baba mwenye nyumba akikalia kiti chake picha inapotea, akiinuka inarudi. Mkewe alifurahi sana, alipata sababu ya kumsimamisha. Sasa kiti chako kisogeze mbali na TV, kiwe kule ukutani, na usikae karibu na waya.

Mwenzangu mmoja anarudi huko wiki hii kwa likizo ndefu. Nimempa waya mpya na kile kidude cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Atakifunga yeye, nimemfundisha. Nimeweka pia picha yangu niliyopigwa kwenye geti la hoteli, upate kumwona mtu asiye na ukungu.

Mwanao


Tarehe 28 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na usinione kimya. Mimi naendelea vizuri. Kichwa juzi kilinilaza kutwa nzima, nikatapika, lakini kimepita. Nisamehe mwandiko, karatasi za siku hizi mistari yake imefifia sana.

Mwenzako alikuja, kijana ana adabu, akafunga kila kitu. Wiki ya kwanza picha ilikuwa nzuri na nilikusifia kwa kila aliyepita mlangoni. Kisha ukungu ukarudi, na sasa hata mchana upo. Kiti nimekisogeza mpaka ukutani kama ulivyosema. Siku hizi nasikiliza tu kama redio, sina haja ya kujichosha.

Picha yako nimeipokea, nimeibusu. Namwona mtu amesimama. Lakini huyo mpiga picha wako naye anahitaji antena, maana ukungu ni ule ule! Mshonaji kaniambia unacheka kwenye picha. Nikasema nimeona.

Mama yako


Tarehe 9 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia unaendelea vizuri, na pole na kichwa. Kuhusu TV, sasa tufute chaneli zote tuzitafute upya. Shika rimoti, ubonyeze

Mama, sentensi hiyo nimeiacha ilivyo. Kalamu imenigomea.

King'amuzi nilichokufungia pamoja na antena hakina ukungu. Ukungu na chenga vilikuwa vya zamani, enzi nilipokuwa najifunza kazi. Siku hizi mawimbi yakiwa mabaya picha inaganda, inakatika vipande vipande, au kioo kinakuwa cheusi. Mteja yeyote ningemwambia hivyo kabla hajamaliza kueleza. Na picha ya karatasi haina antena, mama.

Nimezitoa barua zako zote nimezisoma mwanzo wake tu, pale kwenye salamu, ambapo siku zote napita haraka nifike kwenye kazi. Kichwa. Kichwa na kichefuchefu. Kichwa na kutapika. Na mimi nakujibu kunywa maji, halafu nakusogezea kiti.

Nimempigia mshonaji sasa hivi. Anafunga cherehani akupeleke hospitali ya macho leo leo. Barua hii itakuja nyuma. Naogopa, mama. Safari hii nakuomba usiniambie si kitu.

Mwanao


Tarehe 30 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Anayeandika ni mshonaji, mimi nasema tu. (Naandika kila neno, hata anayonisema mimi. Mshonaji.)

Daktari amesema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwenda, na kilichokwenda hakirudi, hata angefanya nini. La kushoto limebakiza kidogo, naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Natiwa dawa ya matone asubuhi na jioni ili hicho kidogo kibaki. Aliniuliza imeanza lini. Nikamwambia tangu mwanzo wa mwaka, ila nilidhani ni antena. Hakucheka. Alivua miwani yake akaifuta.

Usijilaumu. Nilikuuliza habari za antena, ukanijibu habari za antena. Mtoto anayemjibu mama yake alichoulizwa ana kosa gani? (Hapa amelia, nimemngoja. Mshonaji.)

Na usivunje mkataba ukaja mbio, kukimbia kwako hakutarudisha jicho. Njoo Agosti kama ulivyopanga. Daktari hakuniahidi kwamba la kushoto litangoja, lakini mimi nimeliomba lingoje. Rangi kali bado naziona, hasa manjano. Basi nimemwambia mshonaji akushonee shati la manjano, tunalituma na mwenzako akirudi huko. Siku ya kuja livae, usimame mlangoni nikuone. Nikishakuona hivyo mara moja, jicho hilo liende nalo likitaka. (Nimetumia vipimo vyako vya zamani, vya siku ile ulipokuwa unasafiri. Mshonaji.)

Mama yako, kwa mkono wa mshonaji


Tarehe 5 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, mashuka yalikuwa yananingoja. Macho yako yanaendeleaje na dawa? Usiruke hata tone moja.

Wenzangu wameniuliza kama niliwahi. Nimewaambia mama alinitambua toka mlangoni, kabla sijasema lolote, akaniambia, "Hilo shati la manjano limekukaa!" Wamefurahi kwa ajili yangu, mmoja akaenda kujificha nyuma ya mashine asionekane analia.

Ile jioni ya mwisho, nilipotoka kugeuza bomba nawe ukaita kutoka ndani, "Hapo hapo, usiguse tena," nilibaki nimelishika muda mrefu. Nilishindwa kuliachia.

Mshonaji, asante kwa kumsomea.

Mwanao


Tarehe 26 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe. Nimelaza rula juu ya karatasi, mkono unaifuata, nikimaliza mstari naishusha upana wa kidole. Ukikuta mistari imepandana, isome taratibu. Mshonaji kaenda kununua uzi, na haya sitaki yapite mdomoni mwake.

Kichwa hakiumi tena. Naanza na hilo na safari hii ni kweli.

Barua yako alinisomea yeye. Alipofika pale kwenye shati akasimama. "Manjano lipi?" akauliza. Kumbe amekununia tangu uje! Anasema alipopita kukusalimu siku ile alikukuta umevaa shati lingine, lake liko kwenye begi, ukamwambia halifungi vifungo, umenenepa. "Si angenipa nilipanue? Hakulivaa hata siku moja." Alisema hivyo kwa hasira, halafu akairudia barua kimya kimya, nadhani alikuwa anasoma tena yale niliyokuambia mlangoni.  Akaenda kuniwekea maji ya chai.

Basi ni hivi, baba. Ulipoingia sikuona chochote. Lile la kushoto lilizima siku chache kabla hujafika. Sikumwambia mtu, hata mshonaji, maana angekupigia simu, nawe ungefika umeshavunjika moyo. Nilisikia mlango, nikasikia ulivyovuta pumzi kabla ya kunisalimia, nikajua ni wewe, nikasema yale niliyojiandaa kuyasema. Nawe ukaniitikia, "Asante mama, nimelivaa kwa ajili yako." Sauti yako haikutetemeka hata kidogo.

Nilijisifu moyoni kwamba nimeweza. Nilishangaa tu kwamba tulikaa mbele ya kioo kila jioni na hukuniuliza hata mara moja picha ikoje. Nikadhani umechoshwa na mambo ya antena. Sasa najua ulikuwa unajua tangu mlangoni, ukawa unanikatia chakula unajifanya ni utani, unaniwekea kikombe pale pale mkono wangu ulipo.

Na ile jioni ya mwisho, bomba halikuwa na haja ya kugeuzwa. Ulitaka kunisikia nikiita. Niliita pale niliposikia limeacha kukwaruza ukuta. Mwanangu, inaniuma kwamba tulikuwa wawili nyumba moja, kila mtu analia peke yake ili mwenzake asilie. Ukija tena tulie pamoja.

Nakuomba kitu kimoja. Kila nilipokukumbuka ulivyosimama pale mlangoni, nilikuwa nakuona na lile la manjano. Nilikishika kitambaa chake kabla halijatumwa, nikalijua, ndilo nililokuvisha siku zote hizi. Sasa nikikukumbuka sina cha kukuvisha, na mshonaji naona haya kumuuliza. Niandikie wewe. Siku ile ulivaa rangi gani?

Mama yako