Tairi Nililolipiga Msasa

Nimekwisha, ndugu yangu.

Unakumbuka nilivyopiga msasa pembeni mwa tairi, ili wenzangu wa klabu ya pikipiki waamini huwa nalaza pikipiki kwenye kona hadi lami inachubua tairi? Wameamini. Wamenichagua niwafundishe kona Jumapili.

Nikajitetea kwamba nguvu ni ya pikipiki, mimi si chochote. Wakasema, "Oneni unyenyekevu huo."

Unyenyekevu. Mimi, ninayeshika breki hata kona ya duka la mikate.

Halafu fundi wa klabu akainama, akapitisha kidole kwenye tairi. Akaninong'oneza, "Lami haichubui hivi, mdogo wangu."

Nikamwomba anisitiri. Akakubali. Nikashusha pumzi.

Kisha akawageukia wote. "Jumapili mwalimu ataendesha ile pikipiki yangu kuukuu isiyo na nguvu, tuone ufundi mtupu."

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.