Aliyemnywesha Hilda

Matogoro, Songea
2 Juni 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Habari za Hanga, za nyumbani na za shamba? Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia kwa mkono kama enzi za bweni kwa sababu simu zangu hupokei, na kwenye kundi letu la wasapu umejitoa. Barua anakuletea Leonce, yule kondakta wa basi.

Tangu tumzike Hilda na mwanawe kwenye jeneza moja, usingizi nausikia kwa watu. Ila silii tena. Nina hasira, mama. Daktari aliyempokea hapa mjini aliniambia mfuko wa uzazi ulichanika, na mdogo wangu kabla hajakata roho alikiri kwamba alikunywa unga wa kuharakisha uchungu. Unga huo naujua. Anauuza Kajetani, mwenye kibanda cha dawa za miti shamba, na ana wafuasi elfu thelathini mtandaoni. Mimi mkunga wa miaka tisa nikiweka matokeo ya utafiti wanasoma watu kumi na mmoja, nawe ukiwemo.

Sasa nimebadilisha mtindo. Nimeweka picha yake, jina lake na kibanda kilipo, na chini nimeandika MUUAJI. Siku mbili tu, watu elfu kumi wameisambaza. Mganga mfawidhi wetu, Dokta Rupert, ameniita ofisini. "Mitandao tunatumia kuelimisha, Sista Rosemary, si kulipiza kisasi." Nikamjibu kwamba nimeelimisha miaka mitatu na mwisho wake nimezika.

Amebaki mmoja. Kajetani aliuza, lakini yupo aliyekoroga. Wewe ulikuwa na Hilda zahanati tangu alfajiri. Nani alimnywesha? Nipe jina tu. Naapa kwa kaburi la Hilda, sura ya mtu huyo wataiona kuanzia Songea mpaka Nakapanya.

Mwanao,
Rosemary


Hanga
9 Juni 2025

Mwanangu Rosemary,

Milele amina. Marahaba, mama. Sisi hatujambo, mgongo tu unanisumbua. Mahindi tumeanza kuvuna, na nguruwe pori wametuachia kiasi.

Hasira yako naielewa, mimi ndiye niliyewazaa wote wawili. Lakini acha. Ukishamweka mtu mtandaoni humtoi tena.

Na usiseme wanaokusoma ni kumi na mmoja. Wanawake wa jumuiya yetu wanapeana simu wakitoka sala. Mke wa Dastan aliwahi kliniki kwa sababu ulieleza habari ya miguu kuvimba na kichwa kuuma, na leo ana mtoto wake mgongoni. Maneno yako yanafika, mwanangu. Yanafika hata usikojua.

Arobaini ni tarehe 21. Njoo mapema tusaidiane kupika.

Mama yako,
Leticia


Matogoro, Songea
30 Juni 2025

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Arobaini nzima ulinikwepa. Nikija jikoni, wewe umekwenda kisimani. Nikienda kisimani, wewe uko kwa Padri. Swali langu hukulijibu kwenye barua, wala hukulijibu uso kwa uso.

Habari za huku ni kwamba vijana wamevunja kibanda cha Kajetani. Nilikwenda kutazama mbao zikikanyagwa na chupa zikipasuka. Nilifurahi, mama. Mungu anisamehe, na asiponisamehe basi. Polisi wanaye, lakini anadai yeye muuzaji tu, mzigo aliutuma Hanga kwa basi na aliyeupokea hamjui.

Mimi namjua. Ni mama mkwe wake Hilda, Mama Aidan. Yule mama tangu siku ya mahari hakumpenda mdogo wangu, na kila siku alikuwa akisema wanawake wa sasa wavivu wa kusukuma. Picha yake ninayo ya siku ya harusi, amevaa kitenge cha njano, anacheka. Nakupa mpaka Jumapili, tarehe 6. Usiponipa jina lingine, nikitoka misa ya kwanza naiweka. Acha naye wamvunjie.

Mwanao,
Rosemary


Hanga
3 Julai 2025

Rosemary,

Milele amina.

Mama Aidan usimguse. Siku ile alikuwa kitandani, miguu haimbebi. Hakufika zahanati kabisa.

Chai niliipika mimi. Unga niliutia mimi, kwenye chupa ya chai niliyombebea Hilda. Nilimwambia, kunywa mwanangu, dada yako amesema.

Maana wewe ulisema. Uliweka picha yako ukiwa na sare nyeupe, ukaandika kwamba uchungu ukizidi muda wa saa kumi na mbili, mama na mtoto wako hatarini. Ilinifikia tena kupitia kwa watu, picha ni ile ile na maneno ni yale yale, ila chini yake paliongezwa: "Usisubiri saa kumi na mbili. Piga namba hii." Sikujua kama kuna mkono mwingine. Niliona mwanangu kavaa sare. Nikapiga, nikatumiwa. Hilda alipofikisha saa ya tisa ya uchungu bado hajajifungua, niliogopa ile kumi na mbili yako.

Pasaka ulinipigia unacheka kwamba picha yako imefika Tunduru. Nilijivuna kanisani kwa ajili hiyo.

Uliapa kwa kaburi. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea picha yangu niliyopiga kwa ajili ya kitambulisho. Nimeangalia mbele vizuri, watu watanitambua. Itumie.

Mama yako,
Leticia


Matogoro, Songea
7 Julai 2025

Shikamoo mama,

Leonce alinipa bahasha Ijumaa, nikiwa bado nimevaa sare. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za wodi ya wazazi.

Nawe usikie langu. Zuhura, yule tuliyesoma naye, aliye zahanati ya Nakapanya, alinitumia ujumbe mwezi wa nne: "Rose, chini ya picha yako kuna namba ya muuza dawa. Kanusha." Nilimjibu, "Acha isambae, mradi watu wanasoma." Ndiyo pekee ya kwangu iliyowahi kusambaa, nami nilikuwa nahesabu waliosambaza. Hilda alikuwa na ujauzito wa miezi minane.

Jana nilitoka misa ya kwanza nikaweka picha. Ni ile ile yangu ya sare. Nimeandika namba ilivyoongezwa, Zuhura alivyonionya na nilivyomjibu, na kwamba mdogo wangu amekufa kwa sababu ya hayo. Nimeeleza pia unga ule unavyofanya tumboni, kama vitabu vinavyosema. Wewe sikukutaja. Polisi nitakwenda kesho, na huko wakiuliza sitadanganya.

Imesambazwa kuliko zote nilizowahi kuweka, mama. Wananiita muuaji, kwa herufi kubwa nilizowafundisha mwenyewe. Nayasoma yote, siruki hata moja. Dokta Rupert amenipumzisha zamu.

Kajetani bado namchukia, na akifungwa nitafurahi tena. Wewe sijakusamehe. Nawe usiwe na haraka ya kunisamehe. Lakini Jumamosi nakuja Hanga, na safari hii usiende kisimani. Kaa ndani, nikukute.

Mwanao uliyebaki naye,
Rosemary