Baba Bado Anafukuza Ndege

Michenga, Julai

Kaka Alfonsi,

Shikamoo. Mpunga tumeshavuna na mbuzi amezaa mapacha. Msimu mzima baba alipiga kelele shambani, tukajua anafukuza ndege. Sasa ndege wameondoka, naye bado anapiga kelele. Ndipo tukamsikiliza.

Hospitali Ifakara wamempa dawa, anakunywa. Bibi anasema ni wazimu, na kwamba wazee waliuita hivyo kwa kuamini mizimu, wafu wa ukoo, imemwingia mtu naye anaongea nayo. Nilimjibu bibi kwa hasira, Mungu anisamehe. Maana baba hamwiti mfu yeyote. Anaita, "Alfonsi! Alfonsi!"

Miaka sita hujakanyaga nyumbani, kaka. Wewe hujafa. Njoo uitike.

Mdogo wako,
Marsiana