Ripoti ya Mwokaji Mikate

4 Machi

Mpwa wangu daktari,

Hujambo? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, ambalo limegoma kupanda ngazi.

Ripoti yako unayotaka kuichapisha nimeisoma nimesimama mpaka chai ikapoa. Mwokaji mikate anayumba kila asubuhi kabla hajala, anaropoka, watu wanacheka. Wewe ukauliza alikula saa ngapi, ukampima sukari, ukaikuta iko chini kabisa, mpaka ukaukamata uvimbe wa kongosho unaoishusha, usiozidi punje ya hindi! Mimi na udaktari wangu wote ningempa dawa ya kichwa na mawaidha.

Sasa vumilia maswali ya mzee msumbufu. Baada ya upasuaji anaendeleaje? Umetuacha mlangoni, kama mtu aliyekata simu bila kuaga. Na pale juu umeandika "mlevi wa siku nyingi". Ulimuuliza?

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Mimi mzima, ila uso sijui niuweke wapi.

Sikumuuliza. Nilinakili kutoka kwenye faili lake, na aliyeandika kabla yangu naye alinakili kwa mwenzake. Jana nilimsomea mgonjwa ripoti ili atie sahihi ya kuruhusu ichapishwe. Sukari imetulia, hayumbi tena. Nilipofika kwenye "mlevi" akaweka kalamu chini.

"Dokta, pombe sijawahi hata kuionja. Neno hilo ndilo lililonifukuzisha kazi. Leo nilitilie sahihi?"

Nimeandika upya: "Madaktari watatu, mwandishi akiwemo, waliandika kuwa ni mlevi. Hakuna aliyemuuliza." Mkuu wa idara anataka niifute, eti tunajianika. Nifanyeje?

Mpwa wako

23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu tele. Goti limezipokea pole zako, halijabadili msimamo.

Usifute. Bila maneno hayo, msomaji atajua ugonjwa ulivyogunduliwa, hatajua kwa nini ulichelewa kugunduliwa. Mimi maisha yangu yote nimeandika "mgonjwa anaendelea vizuri", tena kwa mwandiko unaomtoa jasho mfamasia. Kitu kama hicho chako sijawahi kukiandika. Mwulize mkuu wako kwa adabu: daktari wa kesho atajifunza nini tukificha?

Mjomba wako, anayekutangaza kwa majirani

8 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo nyote. Samahani kwa ukimya.

Imechapishwa, haikufutwa kitu. Mkuu alininunia wiki nzima, kisha akaniomba nakala ya kufundishia wanafunzi.

Mwokaji alitia sahihi, naye akataka nakala. Jina lake halimo, ndivyo utaratibu ulivyo. Akaliandika mwenyewe juu, kwa herufi kubwa, akampelekea tajiri wake wa zamani. Tajiri akasoma, akakohoa, akamwambia aanze kazi Jumatatu.

"Jumatatu nitakuja, bosi," akajibu. "Ila leo waite wafanyakazi wote, uwasomee."

Wakaitwa, wakaja na unga mikononi. Akawasomea.

Mpwa wako