Jiwe Jeupe la Kikorongo

Mpwa wangu Hamisi,

Najua ungekuwa hai ungenikatiza kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Ni mimi mjomba wako, ndugu wa mama yako, yule aliyeishia darasa la nne na bado akawashinda akili wote wa darasa la saba. Sawa, wawili. Niliwashinda wawili.

Tangu tukuzike hapa Bwera sina mtu wa kunibishia. Juzi kwa Mama Kahindo, yule Mkongo wa Butembo anayetuuzia chai, niliwaambia watu kwamba pikapu yangu iliwahi kuvuta lori la ng'ombe kutoka matopeni kule Kyarumba, kwa gia ya tatu. Nikaingoja sauti yako: "Mjomba, acha! Gia ya tatu?" Wapi. Wakaitikia tu, "Ndiyo, mzee." Mama Kahindo akaongeza, "Gari yako iko na nguvu, mzee." Nikaiacha chai nusu, nikaondoka.

Unakumbuka uliporudi kutoka chuo cha ufundi, ukafungua gereji, ukaanza kuwasema farasi wangu? Mimi niliwaambia wateja injini yangu ina nguvu za farasi mia. Wewe ukacheka: "Mia wako kwenye injini, mjomba. Kwenye magurudumu hesabu themanini na tano. Wengine wanafia njiani, ndani ya giaboksi, kwenye propela, kwenye difu huko nyuma inakogawa nguvu kwa magurudumu." Nikakujibu mbele ya watu kwamba farasi wangu hawafi, labda wa baba yako.

Ndipo ukanipeleka Kikorongo, pale barabara ilipo tambarare. Asubuhi, upepo hakuna, tairi zimejazwa sawa, gari tupu. Ukaniambia nifike kwenye kalvati, pale mfereji unapopita chini ya barabara, na mwendo wa sitini, nitoe gia, nisiguse breki, niliache gari litembee lenyewe mpaka lichoke. Liliposimama ukaweka jiwe kando ya barabara, ukalipaka chokaa. Ukasema ni makadirio tu, maana upepo na tairi nazo zinakula nguvu. Lakini gari lilelile, barabara ileile, siku likisimama kabla ya jiwe, ujue huko chini kuna kitu kinakula kuliko kawaida. "Siku hiyo usipakie kahawa. Niletee."

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mama yako halijui.

Mara ya pili tulipopima, ulikuwa umeshasikia mlio kwenye difu, ukasema leo gari halitafika kwenye jiwe. Ukabaki kwenye kalvati na daftari lako. Na kweli, lilisimama kabla ya jiwe. Hatua arobaini na moja, nilizihesabu kwa miguu yangu. Kulikuwa na lori limeegeshwa kati yetu, hukuniona. Nilikimbia, Hamisi, na tumbo hili, nikalibeba lile jiwe nikalirudisha mpaka kwenye gurudumu la mbele. Ulipofika nilikuwa nimeegemea boneti, napiga mluzi.

Ulilitazama jiwe, ukatazama daftari. Ukasema polepole, "Basi mimi ndiye nimekosea." Nikacheka. Nikaisimulia Bwera nzima. Na wewe ukaenda ukafuta michoro yako yote ya kuonyesha farasi wanakofia kwenye ukuta wa gereji, hukumpimia mtu tena. Wiki chache tu, homa ikakuchukua. Umeondoka unadhani hukujua kazi yako.

Ulijua. Mwezi uliopita difu ilivunjika kwenye mlima wa Kyondo, na kahawa nyuma. Nilishaanza kusimulia kwamba mlio ulisikika mpaka Kongo, kuku wakahama kijiji... hapana. Ilisaga, ikanyamaza, basi. Nikakaa juu ya gunia mpaka jioni. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa na magurudumu hayaendi. Farasi mia, wazima wote, na hakuna hata mmoja aliyefika chini. Nikaita jina lako kama mwehu. Wewe ndiye ungekuja na spana zako, unatukana huku unatengeneza.

Jana, na difu mpya, nimekwenda Kikorongo peke yangu. Kazi ile haitaki mtu mmoja. Niligeuka mara mbili kutazama kalvati kama umesimama. Nimehesabu hatua arobaini na moja kwenda mbele, nimelirudisha jiwe pale ulipoliweka, nimelipaka chokaa upya. Kisha nikapima kama ulivyonifundisha.

Michoro yako nitairudisha ukutani, nimelichukua daftari lako kwa mama yako. Na kwa Mama Kahindo nitasimama niseme jiwe nililihamisha mimi. Najua hawataamini, watasema mzee anatunga. Nitasema tena. Kila mwezi nitapima, na hesabu nitakuletea hapo ulipolala, kama ilivyo.

Mungu akulaze pema, mtoto wa dada yangu.

Gari limepita jiwe kwa hatua sita. Hakukuwa na mtu wa kuona, ningeweza kusema sitini. Ni sita, Hamisi.

Mjomba wako